Ulipe Deni Lipi Kwanza? Ufafanuzi kwa Wanachama Wenye Mikopo Zaidi ya Mmoja

Tangu Januari, dawati la mikopo la chama chetu cha akiba na mikopo limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana. Mwanachama ana madeni manne au matano, mshahara unaisha kabla ya tarehe 5, na kila akipata fedha ya ziada, iwe ya mavuno, malimbikizo au posho ya kusimamia mitihani, anaipeleka kwenye deni ambalo halikuwa na haraka. Ufafanuzi huu ni wa jumla. Haubadili sharti lolote la mkataba ambao mwanachama ameshatia saini.

Mwezi huu wa Julai alikuja mwalimu mmoja, ambaye ameridhia tueleze habari yake bila jina. Aliweka kaunta shilingi 600,000 zilizofungwa kwa mpira, fedha ya mahindi. Alitaka kupunguza mkopo wa chama "ili wadhamini wangu walale." Mkopo wake kwetu una riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, unakatwa kwenye mshahara, na haujawahi kuchelewa hata mwezi mmoja. Nikamwomba kadi ya benki nihakiki namba ya akaunti. Akanyamaza. Kadi ilikuwa kwa mkopeshaji wa mtaani pamoja na namba ya siri, tangu Novemba.

Alikuwa amekopa shilingi 500,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Kila mshahara ukiingia, mkopeshaji anatoa 100,000 yake ya riba, kisha anamkabidhi kinachobaki. Miezi minane, ameshatoa 800,000. Deni bado ni 500,000 ileile.

Hatukuipokea fedha yake. Shilingi 600,000 zikiingia kwetu zinampunguzia riba ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mkopeshaji yule zinamaliza deni la msingi na riba ya mwezi huo, na kuanzia hapo 100,000 inabaki nyumbani kwake kila mwezi.

Naomba hili lieleweke, maana linatuchosha kulirudia: asilimia 10 ya mtaani si ndogo kuliko asilimia 17 ya benki. Ile ya benki ni kwa mwaka. Ya mtaani ni kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka. Ukiwa na madeni mengi, yaweke yote kwenye kipimo kimoja cha mwezi kabla hujalinganisha. Uliza pia kama riba inatozwa juu ya mkopo wote hadi mwisho au juu ya salio linalopungua. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi, ukitozwa juu ya mkopo wote unakula riba ya 432,000. Ukitozwa juu ya salio, huku unarudisha 100,000 ya deni la msingi kila mwezi, riba ni 234,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni karibu laki mbili.

Kwa hiyo fedha ya ziada iende kwenye deni lenye gharama kubwa zaidi kwa mwezi, hata kama anayekudai deni hilo hapigi simu. Wapo wanaopenda kumaliza madeni madogo kwanza ili moyo upumue. Sipingi, ilimradi yale madogo yasiwe yenye riba nafuu huku deni la kausha damu, yaani la mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kubwa, linaendelea kunyonya.

Yapo mambo mawili yanayoweza kutangulia hesabu hiyo. La kwanza ni nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani. Ukishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya Tanzania inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 60 kabla hajachukua hatua ya kuuza. Siku hizo ni za kwenda kuzungumza, wala si za kuificha barua kabatini. Na kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza wako ilihitajika tangu siku ya kuiweka rehani. Kama haikuchukuliwa, mwone mwanasheria mapema.

La pili ni wadhamini. Kwetu utaratibu ni huu: rejesho likichelewa siku 30, mkopaji anapata barua. Siku ya 60 inatoka barua ya pili, nakala kwa wadhamini wote. Siku ya 90 akiba ya mkopaji inafidia deni, na kinachobaki kinagawanywa kwa wadhamini kwa uwiano wa kiasi alichodhamini kila mmoja, kisha kinakatwa kwenye akiba zao. Taarifa hupelekwa pia kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo, na benki itakayoombwa mkopo baadaye itaiona. Kwa hiyo rejesho la kila mwezi lilipwe kwa wakati. Lakini kulipa kwa wakati si sawa na kulipa kabla ya wakati. Mdhamini wa yule mwalimu alikuwa salama kabisa.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unawakera wengi kwa sababu wanauona kwenye slipu kila mwezi. Mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hakuna la kujadili. Ila ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, hivyo deni hilo haliongezeki kama zamani. Kuchukua mkopo wa riba ili umalize Bodi ni hasara tupu, na wanachama wawili wamefanya hivyo mwaka huu.

Deni la shemeji au la kikoba huenda lisiwe na makali ya riba, lakini lina watu. Nenda useme tarehe, peleka kidogo, usikimbie vikao.

Sasa kausha damu. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Deni la mtaani halionekani kwenye slipu, na theluthi hiyo iliyoachwa kwa ajili ya chakula na nauli ndiyo inayochukuliwa kwenye mashine ya kutolea fedha kwa kadi aliyoiacha kwa mkopeshaji. Hili linaniuma kuliko yote.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana. Novemba 2024 ilitangaza pia programu 69 za mikopo ya simu zisizo na kibali. Baadhi ya wanachama wamelichukua tangazo hilo kama msamaha wa deni. Silo. Hatumshauri mtu yeyote kutoroka, tunamshauri alipe kwa kumbukumbu. Omba salio kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Lipa kwa benki au kwa simu, usipeleke fedha mkononi. Nenda na shahidi. Usiondoke bila kadi, mkataba uliosaini na karatasi ya kumaliza deni yenye tarehe, kisha badilisha namba ya siri siku hiyohiyo, kwani mkataba wako na benki unakukataza kumpa mtu namba hiyo. Akikataa kukupa kadi, usigombane naye. Ifungie benki, uombe nyingine.

Mwalimu alirudi siku ya pili na kadi yake, imepauka kwa kushikwashikwa.

Mwanachama anayetaka kukokotolewa madeni yake alete slipu za miezi mitatu, mikataba yote, hata iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, na simu ambayo ujumbe wa wakopeshaji haujafutwa. Aje kabla ya tarehe 10, kwa sababu siku hiyo orodha ya makato inakwenda kwa mwajiri, na baada ya hapo hatuwezi kubadilisha rejesho la mwezi huo.