Barua ya DGI kuhusu deklarasyo ambayo haikupelekwa

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanaotujia kuomba ushauri hufika wakiwa wamechelewa. Bahasha ya kwanza kutoka DGI, idara kuu ya kodi ya serikali, imelala kwenye droo ya duka kwa majuma, na barua iliyoifuata tayari inataja kiasi cha pesa. Barua ile ya kwanza haikudai pesa. Iliuliza tu iko wapi deklarasyo, yaani tangazo la mapato na kodi, ya mwaka fulani.

Kodi ya faida hapa Kongo huanzia kwenye maelezo ya mlipakodi mwenyewe: kila mwaka, tarehe 30 Aprili ikiwa ndiyo mwisho, yeye ndiye anayeeleza aliuza nini, alitumia nini na anapaswa kulipa kiasi gani, kisha DGI huhakiki. Asipoeleza lolote hata baada ya kuandikiwa onyo, sheria nambari 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 inairuhusu DGI kumkadiria kwa habari ilizo nazo, kwa mfano karatasi za forodha za mizigo iliyoingilia mpakani Kasumbalesa. Makadirio hayo huongezewa adhabu, na kuthibitisha kwamba yamezidi huwa ni kazi ya mlipakodi, kazi ngumu mno kwa mtu asiyetunza fakture (ankara) zake. Wenye biashara ndogo wana utaratibu wao na tarehe zao, lakini nao pia wanapaswa kujibu.

Barua ikifika, tazama kwanza imetoka wapi, kwa maana mjini kwetu DGI, DGRAD (idara ya serikali ya mapato yasiyo ya kodi) na idara ya mapato ya mkoa huchanganywa kila siku, na kodi ya nyumba ya kupangisha, kwa mfano, ni ya mkoa. Kisha soma ni kodi gani na ni mwaka gani. Anayeileta ataomba sahihi: andika pembeni mwa sahihi tarehe ya siku hiyo, na umfundishe kijana anayekusaidia dukani afanye hivyo hivyo na kukupa habari jioni ileile, kwani muda wa kujibu huhesabiwa tangu barua ilipopokelewa.

Mama mmoja wa Katuba aliyefunga duka lake la vifaa vya ujenzi aliamini kwamba, kwa kuwa hakuuza hata msumari mmoja, hakuwa na la kutangaza. Kosa hilo tunaliona mara nyingi, na linatuumiza kwa sababu lingeepukika kwa karatasi moja. Namba ya kodi haifi pale mlango unapofungwa. Mwenye duka anapaswa kuijulisha DGI kwa maandishi kwamba ameacha biashara, na kwa mwaka usio na mauzo apeleke deklarasyo iliyoandikwa « néant », yaani hakuna kitu.

Kama ulikwisha kuipeleka deklarasyo inayoulizwa, ambatisha kwenye jibu lako nakala yenye muhuri wa mapokezi pamoja na bordero (hati ya malipo) ya benki, ila usiachie zile za asili. Kama hukuipeleka, ijaze uipeleke hata kabla pesa hazijatimia, maana kutotangaza na kutolipa ni makosa mawili yenye adhabu mbili tofauti. Malipo hupitia benki, kamwe si mkononi mwa mtu. Jibu lako liandike katika nakala mbili, na usitoke mapokezi kabla nakala yako haijapigwa muhuri wenye tarehe inayosomeka.