Gari la zamani limegoma kuwaka: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Gari likigoma kuwaka hapa Dar, washauri huwakosi. Wa bodaboda atasema betri, muuza chipsi atasema plagi, na fundi aliyekuwa akipita na zake atakuwa ameshafungua boneti kabla hujamwita. Kila mmoja ana jibu, ila swali la kwanza haliulizwi: ukizungusha ufunguo, injini inazunguka au haizunguki?

Hayo ni matatizo mawili tofauti. Injini isiyozunguka inakosa umeme wa kuizungusha, kwa hiyo mtuhumiwa ni betri, nyaya zake, swichi au stata, ile mota inayoizungusha. Injini inayozunguka kwa nguvu lakini haishiki inakosa mafuta, moto wa plagi, au ruhusa ya kompyuta ya gari. Ukichanganya hayo mawili utaishia kwenye maduka ya Gerezani kununua spea ambayo gari halikuihitaji.

“Taa zinawaka, redio inaimba, betri iko fiti”

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja hula kama ampea 9 tu. Stata ya injini ndogo ya petroli, kama ya Corolla, hudai zaidi ya ampea 100 kwa mpigo. Betri iliyochoka itamudu taa na redio bila shida, kisha ilale pale unapoiomba izungushe injini.

Mita ndogo ya kupimia umeme inamaliza ubishi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na chini ya 12 haina kitu. Kisha mwenzako apige stata huku wewe umekodolea mita: ikiporomoka chini ya 9.6, mara nyingi betri ndiyo iliyokwisha, hata kama ilionekana imejaa.

Huna mita, sikiliza. Tik-tik-tik-tik ya haraka huku taa za dashibodi zinafifia ni umeme mdogo. “Tak!” moja halafu kimya, taa zikibaki na mwanga wake, geukia stata. Kimya kabisa, hata tak hakuna, kagua vichwa vya betri, fyuzi, na swichi ya gia. Gari otomatiki huruhusu stata likiwa kwenye P au N tu, na swichi hiyo ikichakaa, P inaweza kukataa wakati N inakubali. Kanyaga breki, weka N, jaribu. Kuna watu wanaita gari la kuvuta kwa jambo hili.

“Betri ni mpya, haiwezi kuwa betri”

Inaweza, na kosa lisiwe la betri yenyewe. Fungua boneti uangalie vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani uliojikusanya pale unazuia umeme usipite. Shika kichwa cha waya kwa mkono ukizungushe. Kikicheza hata kidogo, umepata ugonjwa. Wanaolaza magari karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, wanaijua kutu inayoletwa na upepo wa chumvi. Kwenye magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha: fungua hasi kwanza, sugua kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye magadi kidogo, suuza, kausha, kisha funga chanya kwanza na hasi mwisho. Soda ya kopo nayo hung'arisha, lakini inaacha sukari inayonata na kukusanya vumbi. Maji ya moto hayana gharama hiyo.

Kuna pia wanaoamini kwamba betri hufa kwenye nchi za baridi. Baridi huiumbua betri iliyokuwa imeshachoka. Kinachoichosha hasa ni joto, kwa sababu linaharakisha kutu ya sahani za ndani na kukausha maji. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, na gari linaloanikwa juani siku nzima, usishangae betri ikafa mapema. Ya kufunguka vifuniko ijaze maji yaliyosafishwa ya betri, si asidi. Asidi haikukauka, yaliyokauka ni maji.

“Chomoa betri gari likiwa linanguruma, likizima, altaneta imekufa”

Naomba fundi yeyote anayefanya hivi asiguse gari lenye kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, kifaa kinachoichaji injini ikiwaka, na ukiichomoa ghafla volti zinaweza kuruka juu na kuunguza vifaa ambavyo bei yake ni kubwa kuliko altaneta yenyewe. Pima kwa mita injini ikiwa imewaka: kati ya 13.8 na 14.5 inachaji. Ikibaki kwenye 12, hata betri mpya itaisha.

“Lisukume tu litashika”

La gia za mkono, ndiyo. La otomatiki, hapana. Pampu ya gia boksi yake inaendeshwa na injini, kwa hiyo injini ikiwa imezima hakuna presha ya kuunganisha magurudumu na injini, hata msukume kutoka Mwenge mpaka Ubungo. Tafuta nyaya za kushtua, za kuazima umeme kwenye betri ya gari jingine.

“Gonga stata kwa spana, imepona”

Kugonga kunafanya kazi, ndiyo maana dhana hii haifi. Brashi za kaboni zikiisha hazigusi vizuri, na mtikisiko huzirudisha mahali kwa muda. Gari likiwaka kwa kugongwa, endesha moja kwa moja hadi kwa fundi umeme abadilishe brashi. Usikatize kwanza Kariakoo, maana hapo ukizima hujui kama litawaka tena.

“Inazunguka haishiki? Plagi hizo”

Plagi hazifi zote nne usiku mmoja. Gari lililokuwa linatembea vizuri jana likakataa kabisa leo mara nyingi limepoteza kitu kimoja kinachohudumia silinda zote: pampu ya mafuta, rilei, sensa, koili, au mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika, injini huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo. Ukisikia hivyo acha stata mara moja, kwani kwenye baadhi ya injini pistoni zinagonga valvu.

Baada ya kujaribu kuwasha, fungua plagi moja uiangalie. Imelowa na inanuka petroli? Mafuta yanafika, moto ndio haupo. Kagua koili, waya za plagi, na nyufa kwenye kifuniko cha distribyuta, kigawa moto kwa plagi. Ni kavu? Mafuta hayafiki. Kabla hujailaumu pampu, weka lita chache, maana geji za magari ya zamani ni waongo.

Pampu nayo ina uzushi wake. Watu wanageuza ufunguo hadi “ON”, hawasikii mngurumo, wanatangaza kwamba imekufa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 haziwashi pampu mpaka stata izunguke, kwa hiyo kimya kile ni cha kawaida. Nyingi zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa “DIAGNOSIS”. Ukiunganisha kwa waya mfupi tundu la FP na la +B, ufunguo ukiwa “ON”, pampu hunguruma. Soma herufi vizuri kwanza. Tundu lisilo sahihi linaunguza fyuzi.

Kukanyaga mafuta mara kumi ni desturi ya kabureta. Kwenye injini ya sindano, ambayo mafuta hupulizwa kwa amri ya kompyuta, hakuongezi kitu. Ikiwa plagi zimelowa, kanyaga mpaka chini na ushikilie hapo huku ukipiga stata; nyingi hupunguza au kukata mafuta ukifanya hivyo. Usizidishe sekunde 10 kwa mkupuo, stata inaungua.

Na kama ulichonga kopi ya ufunguo juzi, jaribu ule wa zamani. Kwenye gari linalotumia ufunguo wa chipu, kopi isiyo nayo hufungua mlango na kuzungusha stata vizuri tu, ila kompyuta inakataa injini ishike.

“Limezimikia kwenye maji? Piga stata mpaka liyateme”

Kati ya yote, hii ndiyo inayoua injini. Masika, pale Jangwani Mto Msimbazi unapofurika, gari likizimika kwenye maji huenda limeyavuta kupitia njia ya hewa. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoisukuma pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Usiguse ufunguo. Lisukumeni hadi pakavu, kisha fungua boksi la kichujio cha hewa. Kimelowa? Plagi zote zitolewe kabla injini haijazungushwa, ili maji yatoke kwenye matundu yake. Chomoa pia kijiti cha oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, imwagwe. Kichujio kikiwa kikavu na oili ina rangi yake, tafuta unyevu kwenye kifuniko cha distribyuta na waya za plagi. Futa kwa kitambaa kikavu, rudisha, ndipo ujaribu kuwasha.