Zege halikauki, linashika

Sakafu ya kwanza niliyoimwaga kwa mikono yangu ilikuwa ya kibaraza cha shangazi, mita 2 kwa 3. Siku ya tatu ilikuwa nyeupe na kavu, nikajisifu. Mwezi haujaisha, shangazi akawa anazoa vumbi la kijivu kila asubuhi. Nilipoikwaruza kwa msumari, ulizama kama kwenye chaki. "Baba," akaniuliza, "umenijengea sakafu au umeniwekea kinu cha vumbi?"

Kila kosa lililokuwa kwenye kibaraza kile nilifundishwa kama ujuzi.

"Likishakauka, limekomaa."
Hiki ndicho kisima cha makosa mengine yote. Tope ndilo huwa gumu kwa kukauka. Simenti huwa ngumu kwa kuungana na maji kikemikali, na kinachozaliwa hapo ndicho hushikilia mchanga na kokoto. Ndiyo maana zege linaweza kumwagwa kwa bomba chini ya mto na likashika humo humo majini. Tena muungano huo hutoa joto. Waliojenga bwawa la Hoover kule Marekani, miaka ya 1930, walipitisha mabomba ya maji baridi ndani ya zege ili kulipoza. Kitu kinachokauka tu kingepoa, kama shati lililoloa mwilini.

Maji yakitoweka mapema, kazi hiyo husimama njiani. Mafundi wenyewe husema zege "limeshika", neno sahihi kabisa, halafu kesho yake wanaliacha juani. Lilindwe lisikauke walau siku 7. Kwa simenti ya kawaida, hapo huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu ambayo hupimwa siku ya 28. Kurusha ndoo moja asubuhi na kuondoka hakutoshi. Tandaza viroba vilivyoloa au funika kwa nailoni. Mimi sikumwagilia hata kikombe.

"Ongeza maji lilainike."
Simlaumu kibarua, maana zege gumu linavunja mgongo. Lakini tangu mwaka 1918 Duff Abrams, aliyefanya majaribio yake Chicago, alishaonyesha kwamba nguvu ya zege hushuka kadiri maji yanavyozidi yakilinganishwa na simenti. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi. Karibu nusu ya hizo ndizo simenti huzifunga ndani yake kikemikali. Zinazobaki husaidia zege lichanganyike na kulainika, kisha nyingi huondoka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mimi nilimimina ndoo mbili za lita 20 kwa kila mfuko, na mchanga wenyewe ulikuwa umenyeshewa usiku kucha.

Maji yaliyozidi yalipanda juu na kubeba chembe laini. Nikaona dimbwi, nikanyunyiza simenti kavu ilinyonye, kama nilivyoona wengine wakifanya, nikalisugua mpaka likang'aa. Kumbe natengeneza ganda jembamba lisilo na nguvu. Hilo ndilo shangazi alilokuwa anafagia.

"Limeanza kuwa gumu, lirudishie maji."
Hapana. Zege lililoanza kushika likichanganywa upya hulainika kwa macho tu. Changanya kiasi unachoweza kumaliza ndani ya saa moja, hasa kwenye jua.

"Simenti ikizidi ndiyo imara."
Plasta yenye simenti nyingi husinyaa zaidi na kuchora nyufa kama utando wa buibui. Na ile 42.5 kwenye mfuko, ambayo watu huilipia zaidi hata kwa kupiga plasta, ni kipimo cha nguvu ya simenti siku 28 baada ya kuchanganywa na maji. Kwa plasta, 32.5 inatosha. Hela inayobaki nunua mchanga safi, usiochotwa ufukweni, kwa sababu chumvi huozesha nondo, na kutu ikivimba hulipasua zege kutoka ndani.

Kibaraza nilikivunja, nikakimwaga upya kwa gharama yangu. Safari hii nilipima maji kwa kidumu cha lita 5: vidumu vitano kwa mfuko, vinne pale mchanga ulipokuwa na unyevu. Viroba vilivyoloa vilikaa juu yake wiki nzima, na shangazi akanung'unika wiki nzima kwamba hana pa kuanikia mahindi.