Flashi ni Yako, Wimbo si Wako

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye baa, kuanzia Kirumba hadi Igoma hapa Mwanza, ni hili: flashi nimenunua, bando nimelipia, sasa nadaiwa nini tena? Ulicholipia ni kusikiliza wewe na watu wa nyumbani kwako. Ukiwafungulia wateja spika, hilo ni onesho la hadhara, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inataka ruhusa ya wenye kazi, hata kama hutozi kiingilio. Saluni imo, na basi linalotoka Nyegezi limo.

Jina la sheria limebeba haki mbili. Hakimiliki ni ya aliyetunga maneno na muziki. Hakishiriki inawahusu waimbaji, wapigaji na aliyegharimia kurekodi. Kwa hiyo bendi inayopiga nyimbo za kukopi jukwaani haikuondolei deni: rekodi haikuguswa, utunzi umetumika.

Leseni ya biashara ya halmashauri haibebi ruhusa hii. Ya vileo vilevile, na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) pia. Ukimkodi DJ, andikeni kwenye mkataba nani analipia muziki, maana mkaguzi akija atamkuta mwenye ukumbi, DJ keshaondoka.

Viwango hufuata aina ya biashara na namna muziki unavyotumika, hivyo ukiomba eleza ukweli: muziki wa chinichini wakati wa chakula, disko la Ijumaa, au bendi. Msimamizi ni Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA). Tangu marekebisho ya 2022, taasisi ya wasanii iliyosajiliwa nayo inaweza kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi pale nyimbo zao zinapotumika. Anayekuja kudai akuoneshe idhini hiyo kwa maandishi. Usimpe fedha mkononi, dai stakabadhi.

Linaloniuma ni orodha ya nyimbo. Mgao mzuri unahitaji kumbukumbu za kilichopigwa, na msanii wa Kisukuma anayesikika soko la Mwaloni kutwa nzima, lakini redio kubwa hazimpigi, atakosa haki yake kama baa haikuandika kitu. Weka daftari kaunta: tarehe, jina la wimbo, msanii, na mtunzi ukimjua. Programu ya kuchezea muziki ikihifadhi historia, inakili kila wiki kabla haijafutika. Na mafaili ya flashi yaliyoandikwa “Track 01” yabadilishwe majina leo, kwa sababu kwa jina hilo hakuna wa kulipwa.