Je, wajua? Maji mekundu yanayotoka kwenye steki si damu

Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu mume wangu alinipeleka kwenye bistro moja ya Kifaransa huko Masaki. Meza hazizidi kumi, menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni, mkate unaletwa kabla hujauomba. Bistro, kwa Wafaransa, ni mgahawa mdogo wa mtaani unaouza chakula cha kawaida kilichopikwa kwa makini, na chakula chake maarufu ni steki na chipsi. Mume wangu akaagiza hiyo. Mhudumu akamuuliza anataka iive kiasi gani, naye akachagua neno mojawapo la ubaoni: saignant. Kisu kilipopita tu, maji mekundu yakatiririka hadi kwenye chipsi.

Nikamshika mkono. "Baba Amani, usile. Hiyo ni damu."

Tukaomba irudishwe jikoni. Ilirudi ya kijivu mpaka katikati, ngumu kutafuna, na mtoko ukaishia kwenye kutafuna. Sikuwa na shaka hata kidogo, maana nimelelewa kwenye nyumba ambayo damu hailiwi. Jumamosi iliyofuata nilimsimulia muuza bucha wetu wa Kinondoni. Aliendelea kukata, kisha akaniuliza: "Dada, kama wekundu wa nyama ni damu, kuku mbona kidari chake cheupe? Kwani kuku hana damu?"

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Kuku ana damu nyekundu kama ng'ombe, na anachinjwa kwa kukatwa shingo vilevile, lakini kidari chake ni cheupe na paja lake ni jeusi kidogo. Damu iliyopita kwenye kidari na kwenye paja ni ileile. Nenda Feri asubuhi uangalie jodari akikatwa: nyama yake nyekundu kama ya ng'ombe. Meza ya pili changu anakatwa, nyama nyeupe. Wote wawili ni samaki, wote wawili wana damu. Na ndama, ambaye amejaa damu kama mama yake, nyama yake ni ya waridi hafifu, wakati ya ng'ombe mzee ni nyekundu iliyokolea. Wekundu wa nyama, basi, haufuati damu. Unafuata kitu kingine.

Damu yenyewe huenda wapi? Ng'ombe wa kilo 300 ana damu kama lita 20. Anapochinjwa, iwe Vingunguti au kwingine, karibu nusu ya damu hiyo hutoka ndani ya muda mfupi. Sehemu kubwa ya inayosalia hubaki kwenye ini, bandama, mapafu na viungo vingine vya ndani. Kwenye mnofu wenyewe hubaki kidogo sana, ndani ya mishipa myembamba kuliko unywele. Siwezi kusema haipo kabisa, ipo. Lakini kile kijito cha kwenye sahani hakikutoka huko.

Kuna jaribio ambalo watu wengi wa nchi hii wameshalifanya bila kulipa jina. Damu ikikingwa kwenye bakuli na kuachwa, huganda. Anayepika kisusio Uchagani anajua lazima aikoroge mapema, la sivyo atabaki na mabonge. Wamaasai nao huikoroga kwa kijiti kabla ya kuichanganya na maziwa. Damu ikipikwa huwa nzito na kugeuka nyeusi. Sasa kumbuka nyama uliyoitoa kwenye friji ikayeyuka kwenye bakuli tangu asubuhi. Chini yake kuna maji mekundu, mepesi kama juisi iliyozidishwa maji, na hata ukiyaacha hadi jioni hayagandi. Kwetu tuliyamwaga miaka yote tukisema "mwaga hiyo damu". Hayakuwa damu hata siku moja. Barafu ilipokuwa ikijitengeneza ndani ya nyama ilitoboa nyuzi za msuli, na ilipoyeyuka, maji yaliyokuwa ndani yake yakavuja.

Maji hayo ni mengi kuliko tunavyodhani. Kilo moja ya mnofu usio na mafuta ina zaidi ya gramu 700 za maji. Rangi yake hutokana na protini inayoitwa mioglobini.

Hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu mioglobini ni ndugu wa karibu wa protini ya damu, na undugu huo ndio unaotuchanganya. Fikiria maji yanavyofika kwenye nyumba zetu Dar es Salaam. Mtaa ambao bomba halitoki hupelekewa maji na boza. Boza huchota mbali, huzunguka, humimina, huondoka. Lakini hakuna anayekaa barabarani kusubiri boza kila anapotaka kuosha sufuria, kwa hiyo kila nyumba ina simtanki yake. Mwilini, oksijeni ndiyo maji. Himoglobini, iliyo ndani ya seli nyekundu za damu, ndiyo boza: inachota oksijeni kwenye mapafu na kuzunguka nayo. Mioglobini ndiyo simtanki. Haitembei. Imekaa ndani ya msuli tangu msuli ulipokua, inapokea oksijeni kutoka kwa himoglobini na kuitunza hadi msuli utakapoihitaji.

Simtanki hilo limekaa bondeni, boza liko mlimani. Maana yake ni kwamba mioglobini huivuta oksijeni kwa nguvu kuliko himoglobini, hivyo oksijeni huteremka kutoka kwenye damu kuingia kwenye msuli bila kusukumwa na mtu. Himoglobini moja hubeba oksijeni nne kwa mpigo, mioglobini hushika moja tu, lakini haiachii ovyo.

Ukikata steki unatoboa simtanki. Maji yanayomwagika ni ya nyumba ile. Boza lilishaondoka zamani, lilibaki machinjioni.

Kwa nini basi vinafanana rangi hivyo? Kwa sababu ndani ya protini zote mbili mna kitu kilekile kinachoitwa himu, chenye chembe moja ya madini ya chuma katikati, na himu ndiyo inayotoa wekundu. Macho yangu pale mezani hayakudanganya kabisa. Yaliona chuma kweli, ila yakakosea nyumba.

Ukishaelewa simtanki, habari ya kuku inajieleza. Kuku anashinda akitembea, kwa hiyo misuli ya paja inafanya kazi muda mrefu na inahitaji akiba. Mabawa anayapiga mara mojamoja, kwa kurupuka, na kidari kinachoyaendesha kinatumia njia nyingine ya kupata nguvu ya haraka, kwa hiyo akiba yake ni ndogo. Kuku wa kienyeji anayekimbizana uani ana paja jeusi kuliko wa kisasa anayekaa bandani, na anachinjwa akiwa na umri mkubwa zaidi. Jodari huogelea bila kupumzika, usiku na mchana. Na kwenye ncha ya mbali kabisa yupo nyangumi mkubwa mwenye meno, anayeweza kuzama kwa zaidi ya saa moja bila kuvuta pumzi. Misuli yake imejaa mioglobini hadi inakaribia weusi. Nyama ya nyangumi wa aina hiyo ndiyo aliyoitumia mwanasayansi wa Uingereza John Kendrew kuchora umbo la mioglobini mwaka 1958, na hiyo ikawa protini ya kwanza duniani kujulikana umbo lake. Mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Max Perutz, ambaye alikuwa akiichunguza himoglobini. Walioipata kwa pamoja ni mmoja wa boza na mmoja wa simtanki, na mimi jambo hilo linanifurahisha kila ninapolikumbuka.

Sasa moto. Mioglobini ni kama uzi uliokunjwa vizuri kwenye donge, na ile himu imefichwa katikati ya mikunjo. Mikunjo hiyo ndiyo inayokilinda chuma. Joto likifika nyuzi 60 hivi donge huanza kufumuka, na kufikia 75 au zaidi kidogo karibu lote limefumuka, kama ute wa yai unavyoacha kuwa maji na kuwa mweupe. Chuma kikibaki bila kinga hupoteza elektroni moja na kugeuka hudhurungi. Chuma cha geti linaloshika kutu nacho kimefikia hali hiyohiyo. Kwa hiyo steki ya kijivu aliyorudishiwa mume wangu haikutolewa damu yoyote jikoni. Ilibadilishwa chuma.

Ilipoteza pia maji. Nyuzi za msuli zikipata joto hujikaza, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyojikamua, kama kanga inavyokamuliwa kabla ya kuanikwa. Nyama iliyoiva sana imeshakamua maji yake kwenye kikaango, huko yamekauka, na machache yanayofika mezani hayana tena wekundu. Nyama ya saignant imetolewa ikiwa na nyuzi 50 na kitu katikati, bado ina maji na bado ina rangi. Ikipumzishwa dakika tano kabla ya kukatwa, maji yanayotiririka hupungua.

Bucha nako rangi inabadilika bila moto wowote. Mwambie muuzaji akate pande zito katikati: ndani ni zambarau iliyofifia, kwa sababu hakuna hewa. Subiri kama robo saa, oksijeni ikiingia inakuwa nyekundu ya kupendeza. Ikiachwa ikae, inageuka hudhurungi juu. Hatua tatu, na zote ni mioglobini ileile. Hudhurungi peke yake haimaanishi nyama imeoza. Kwa hilo harufu na utelezi ni mashahidi wazuri zaidi.

Wafaransa wenyewe wamechangia kosa letu. Neno saignant maana yake halisi ni "inayovuja damu". Ngazi zao ni nne: bleu, ambayo imepitishwa motoni tu, saignant, à point, ya katikati, na bien cuit, iliyoiva vizuri. Lugha iliyabandika maji hayo jina la damu muda mrefu kabla mtu hajaijua mioglobini, na jina likabaki ubaoni. Damu ya kweli kwenye chakula cha Kifaransa ipo, lakini mahali pengine: soseji nyeusi iitwayo boudin noir hutengenezwa kwa damu ya nguruwe, na mchuzi wa jogoo kwa mvinyo, coq au vin, kwa desturi ya zamani ulifanywa mzito kwa damu ya jogoo mwenyewe. Asiyekula damu aulizie hivyo.

Kuhusu dini nasema kwa kiasi, kwa kuwa mimi si shehe wala mchungaji. Qur'ani, sura ya 6 aya ya 145, inapokataza damu inaitaja kuwa ni ile inayomwagika, na wanazuoni wa fiqhi wameyaona mabaki yanayosalia kwenye mnofu baada ya kuchinja kuwa ni yenye kusamehewa. Kwa Wakristo katazo lipo Walawi 17 na linarudi Matendo 15. Atakayetaka hukumu kamili amwendee anayemwamini. Ninachoweza kusema ni kilichomo kwenye sahani.

Kuna jambo moja ambalo sitaki mtu alichukue vibaya. Kwamba maji hayo si damu haimaanishi kila nyama nyekundu ni salama. Vijidudu vingi hukaa juu ya nyama, kwa hiyo pande zima lililochomwa pande zote lina nafuu. Kima haina nafuu hiyo, kwa sababu mashine imeuchanganya uso na ndani, nayo iive kabisa. Tegu wa ng'ombe naye hakai juu, vifuko vya mabuu yake vimo ndani ya mnofu, na mkaguzi wa machinjioni anaweza kuvikosa vikiwa vichache. Mwongozo wa Marekani kwa pande zima la nyama ni nyuzi 63 katikati, kisha kupumzishwa dakika tatu. Saignant haifiki hapo.

Rangi nayo si kipimajoto. Nyama iliyoanza kugeuka hudhurungi kabla ya kupikwa inaweza kuonekana imeiva ilhali haijaiva. Na nyama iliyochomwa polepole juu ya mkaa huweza kubaki na utepe wa waridi chini ya ganda hata ikiwa imeiva barabara, kwa kuwa gesi za moto hushikana na mioglobini na kuing'ang'aniza rangi. Ukiuona utepe huo, usikimbilie kumlaumu mchomaji.

Tulirudi kwenye bistro ileile baada ya miezi miwili. Mimi niliagiza bien cuit, kwa sababu ya tegu na kwa sababu napenda nyama iliyoiva. Mume wangu akasema à point. Kisu kilipopita, maji mekundu yakatoka, machache kuliko mara ya kwanza. Akamega mkate, akayafuta, akaniangalia. Nikamsogezea chipsi.