Henry Hyde: mbunge mhafidhina wa Illinois na sheria iliyotuletea ARV

Marekani ukitaja jina la Henry Hyde watu wanakumbuka mambo mawili, utoaji mimba na kesi ya kutaka kumwondoa Rais Bill Clinton madarakani. Huku kwetu hajulikani kabisa, wakati huyu mzee ndo aliyeusimamia bungeni mswada uliozaa PEPFAR, ule mpango wa Marekani ulioleta ARV, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, kwenye kliniki za CTC (za matunzo na matibabu ya wenye virusi) Tanzania na kwenye vituo vya Kenya, Uganda na Rwanda. Kwenye kazi yetu ya elimu ya uraia swali linalorudi sana ni kwa nini dawa za wagonjwa wa huku zinategemea siasa za Washington, na mimi naona ukimfuatilia mbunge huyu mmoja utaelewa mambo mengi.

Hyde alizaliwa Chicago mwaka 1924, familia ya Kikatoliki, na kama Wakatoliki wengi wa mji ule alianza akiwa chama cha Democrat kabla hajahamia chama cha Republican miaka ya 50. Alipigana vita kuu ya pili akiwa jeshi la majini huko Ufilipino, akasoma sheria, mwaka 1962 akagombea Kongresi, bunge la Marekani, akashindwa. Baada ya hapo akaanzia chini, kwenye bunge la jimbo la Illinois, 1967 mpaka 1974, akafika mpaka kuwa kiongozi wa wabunge wa chama chenye wengi. Mwaka 1974 akaingia Baraza la Wawakilishi kule Washington, tena mwaka mbaya kuliko yote kwa chama chake, Rais Nixon kajiuzulu kwa skendo ya Watergate na Republican wamepoteza viti zaidi ya 40, yeye akapita.

Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeruhusu utoaji mimba nchi nzima tangu 1973, na mbunge mgeni wa chama chenye wachache hana uwezo wa kubadilisha katiba. Alichofanya Hyde mwaka 1976 ni kuingia kupitia bajeti, akapachika kipengele kifupi kwenye mswada wa matumizi ya wizara ya kazi na afya kwamba pesa ya serikali kuu isilipie utoaji mimba, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Waliobanwa ni wanawake wa kipato cha chini wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ambayo serikali kuu na majimbo wanachangia pamoja, na Hyde mwenyewe alikiri hadharani kwamba angependa kuwazuia wote, tajiri na wa kati na maskini, ila mswada uliokuwepo mbele yake ni huo wa Medicaid tu. Wapinzani walisema na mpaka leo wanasema mzigo umetupiwa maskini peke yao, na kwa kweli hoja hiyo ni nzito. Mwaka 1980 mahakama ikakipitisha kwa kura 5 kwa 4.

Kipengele hicho sio sheria ya kudumu, kinaandikwa upya kwenye bajeti kila mwaka, na tangu 1976 Kongresi haijawahi kukiacha, ila tu misamaha imebadilika, mimba ya kubakwa au ya ndugu wa damu iliingizwa ikatolewa ikarudi tena 1993. Alafu kinafunga pesa ya serikali kuu tu, jimbo likitaka kutumia hela zake linaruhusiwa. Ndo maana mwaka 2017 Illinois, jimbo lake Hyde mwenyewe, lilipitisha sheria ya kulipia huduma hiyo kwa pesa ya jimbo na gavana aliyesaini, Bruce Rauner, alikuwa Republican.

Watu wakisikia mhafidhina wanadhani ni mtu wa kufuata chama tu, Hyde hakuwa hivo. Mwaka 1981 alikuwa anapinga kuongezwa muda kwa sheria inayolinda haki ya kupiga kura ya watu weusi, kamati ikaenda Alabama kusikiliza ushahidi, akasikia jinsi watu wanavyozungushwa kujiandikisha, akabadilisha msimamo waziwazi na kura akaipigia sheria. Mwaka 1994 aliunga mkono marufuku ya bunduki za kivita. Mwaka 1995 chama chake kilipotaka kuweka ukomo wa miaka ya mbunge kukaa bungeni alisimama kuupinga kwa nguvu, kwake uzoefu bungeni ni kitu cha thamani na mwenye haki ya kumtoa mbunge ni mpiga kura. Mswada haukufikisha theluthi mbili ya kura zilizotakiwa.

Kesi ya Clinton ya 1998, ya kudanganya chini ya kiapo kuhusu uhusiano wa nje ya ndoa, aliiongoza yeye kama mwenyekiti wa kamati ya sheria, katikati yake jarida la mtandaoni la Salon likafichua kwamba na yeye aliwahi kutoka nje ya ndoa miaka ya 60, akakiri, na Seneti ikaja kumwachia Clinton Februari 1999.

Mwaka 2001 akahamia uenyekiti wa kamati ya mambo ya nje. Januari 2003 Rais George W. Bush akasimama bungeni akasema Afrika ina watu karibu milioni 30 wenye virusi na wanaopata dawa ni 50,000 tu, wale tuliokuwa huku miaka ile tunajua maana ya namba hiyo, kila familia ilikuwa na mtu wa kuzika. Rais anaweza kutangaza ila pesa lazima ipite bungeni, na upande wa wahafidhina wengi walikuwa hawataki kusikia misaada ya nje wala kondomu. Hyde akakaa na Tom Lantos, Democrat aliyenusurika mauaji ya Wayahudi Hungary, na Barbara Lee wa California ambaye kwenye utoaji mimba walikuwa mbali kabisa. Sheria ikapita Baraza la Wawakilishi kwa 375 dhidi ya 41, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, Bush akasaini Mei 27, 2003. Kulikuwa na gharama ya maridhiano, theluthi ya pesa za kinga ililazimishwa iende kwenye kuhimiza kusubiri mpaka ndoa, wataalamu wa afya wakalalamika sana na sharti likalegezwa 2008. Sheria hiyo ya 2008, dola bilioni 48 pamoja na TB na malaria, ina majina ya Lantos na Hyde, wote wakiwa wameshafariki.

Kwangu hakuna mgongano hapo, imani ileile ya kutetea uhai iliyomfikisha kwenye kipengele cha 1976 ndo iliyompeleka kwenye ARV. Kinachoniuma ni kilichofuata, mwaka 2023 baadhi ya wahafidhina waligoma kuongeza muda wa PEPFAR wakidai pesa inafika kwa mashirika yanayounga mkono utoaji mimba, ukaongezwa mwaka mmoja tu, na Machi 25, 2025 vipengele kadhaa vya sheria vikaisha muda bila kuongezwa, miezi miwili baada ya serikali mpya ya Donald Trump kusimamisha misaada ya nje kwa amri. Hata hivyo mpango wenyewe haukufa siku hiyo, mana Marekani sheria inayoanzisha mpango na kura inayotoa pesa ni vitu viwili tofauti, pesa inapigiwa kura kwenye bajeti na mwaka wao wa fedha unaanza Oktoba 1. Kwaiyo anayetaka kujua hatma ya dawa za CTC afuatilie kamati za matumizi za Kongresi, kwenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, kuanzia miezi ya katikati ya mwaka miswada yao inapoanza kujadiliwa.