Je, wajua? Kwa nini farasi jike bingwa huacha watoto wachache?

Tarehe 3 Oktoba 1993, kwenye uwanja wa Longchamp jijini Paris, farasi jike aitwaye Urban Sea alimpita White Muzzle kwa urefu wa shingo tu, akatwaa Prix de l'Arc de Triomphe, mbio zenye heshima kuliko zote Ufaransa. Wachache walimtazamia. Alipostaafu alipelekwa kuzaa, na hapo ndipo hesabu humbana jike.

Dume bingwa hupanda majike zaidi ya mia moja kwa msimu mmoja. Jike hubeba mimba kwa miezi 11 hivi na huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni hatari kwa farasi, kwa hiyo daktari wa mifugo akiona mimba mbili huiondoa moja mapema. Wafugaji wa ng'ombe wana uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu za dume kwa mrija, lakini kwa farasi wa mbio wa aina ya Thorobredi mlango huo umefungwa: mtoto aliyepatikana kwa mrija, au aliyebebwa na tumbo la jike mwingine, hasajiliwi. Ni lazima dume ampande jike mwenyewe.

Kisha kuna kalenda. Kaskazini mwa dunia, Thorobredi wote huhesabiwa kuwa wameongeza mwaka ifikapo Januari 1, hivyo kila mfugaji anataka mtoto azaliwe mapema mwaka unapoanza. Jike naye kwa kawaida hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, siku zinapoanza kurefuka, ndiyo maana mazizi huwashiwa taa wakati wa baridi ili mwili wake uamke mapema. Akikosa kushika mimba msimu huo, mwaka umepita bure.

Kwa nafasi chache hivyo, Urban Sea alimzaa Galileo, aliyeshinda Derby ya Epsom, mbio maarufu za Uingereza, mwaka 2001, na Sea The Stars, aliyeshinda Derby hiyo mwaka 2009 kisha akaibeba Arc ileile ya mama yake. Baba zao ni tofauti, Sadler's Wells na Cape Cross. Kwangu mimi, hiyo inatosha kumpa mama sifa yake.

Urban Sea alikufa Machi 2009, mara baada ya kumzaa Born To Sea. Galileo, kwa kuwa ni dume, aliieneza damu yake kwa wingi ambao mama asingeuweza: alikuwa dume mzazi bora wa Uingereza na Ireland mara 12, na mwanawe Frankel alishinda mbio zake zote 14.